Salamu ya Baba kwa Fisi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako katika jambo ambalo nimeona haya kuwaeleza walimu wenzangu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma mjini, nimesoma hadi chuo kikuu, na jambo lenyewe linamhusu baba yangu na fisi.

Baba anaishi peke yake Zuzu, kijiji chenye stesheni ya reli. Alikuwa fundi wa njia ya reli mpaka wafanyakazi walipopunguzwa, na mwaka uleule mama akafariki, akawa mtu wa kukaa kimya tangu asubuhi mpaka jua lizame, hata nikimpa shikamoo aliitikia kwa kichwa tu, hadi siku alipomwokota mtoto wa fisi ndani ya kalavati, mama yake akiwa amegongwa na treni ya mizigo, akamfunga katika koti lake la kazi, akamnywesha maziwa ya mbuzi, na nilipokwenda likizo nikamkuta baba anazungumza. Alikuwa akizungumza na fisi, lakini alikuwa akizungumza. Alimpa jina la Mnyapara, kwa kuwa alimfuata kando ya reli akinusa mataruma, “kama mkubwa wangu wa zamani, ila huyu hanifokei.”

Sasa Mnyapara ni fisi mzima na makao yake ni vilimani, lakini jioni baba husimama ukingoni mwa shamba la uwele na kumwita kwa salamu yetu Wagogo, “Mbukwa,” kwa sauti ileile ambayo angemwamkia jirani, naye hutoka vichakani akaja kumlalia miguuni. Na, nisikufiche, likizo iliyopita baba alipokuwa na malaria nilisimama mimi, nikasema “Mbukwa,” akaja, akaninusa kiganja, akakaa, nami niliogopa na bado sikutaka aondoke.

Taabu ni majirani. Mbuzi wawili wa Mama Dorkasi wameliwa, na ingawa fisi wa huku ni wengi nami sina hakika ni yupi, kijiji kina hakika. Wanasema baba ni mchawi na fisi ndiye kipando chake. Mwanzoni ulikuwa mzaha: siku moja treni ilipochelewa, Mama Dorkasi aliniambia pale stesheni, “Mwanangu, wewe wangoja treni ya nini? Mwombe baba yako usafiri wake.” Watu walicheka, nami nikacheka. Siku hizi hawacheki, na juzi mtu alirusha jiwe juu ya bati baba akiwa ndani.

Nilimwendea Bwana Nyama, yaani afisa wanyamapori wa wilaya, Bwana Halfani, naye hakunidharau. Alieleza kuwa fisi huyo atamkimbia mgeni yeyote, hivyo Jumamosi ijayo, baba akiwa Msalato kwenye harusi ya mpwa wake, nisimame mimi shambani. “Wewe mwamkie tu, mwalimu,” alisema. “Yaliyobaki niachie mimi na bunduki.”

Najiambia kuwa uhai wa baba ni bora kuliko wa fisi, na naliona hilo ni kweli kila ninapolirudia, lakini nikijaribu kulitamka lile neno peke yangu chumbani, sauti inakataa. Je, niite, au nisiite?

Binti wa Mtu wa Reli, Dodoma

*

Mpendwa Binti,

Usiite.

Naanza na hilo ili usihangaike kulitafuta mwishoni. Sababu nitakupa, ingawa sidhani kuwa zote zina uzito sawa.

Hofu yako ni ya haki. Jiwe juu ya bati si mzaha, na wazee wamedhurika kwa maneno mepesi kuliko hayo. Tena fisi ni fisi. Kwa kuwa alikunusa kiganja akakaa, usidhani amekula kiapo. Lakini salamu ni ahadi: nimekuona, nami sina ubaya nawe. Ukiigeuza kuwa mtego, baba atarudi kutoka Msalato, atasimama ukingoni mwa shamba, ataita, na hakuna atakayetoka vichakani. Zuzu ni kijiji kidogo. Ataambiwa ni sauti ya nani iliyoitikiwa mara ya mwisho.

Na hapa nikukemee kidogo. Ulicheka na Mama Dorkasi, ukapanga na Halfani, ukaniandikia mimi. Aliyemlea mnyama huyo hujamwuliza neno. Unamlinda baba kama mtu asiye na akili, ilhali ndiye mwenye jibu.

Basi nenda kabla ya Jumamosi, umweleze yote, bunduki ikiwamo. Mwombe aache kuita, na kama humtupia mifupa shambani aache, kisha aje akae kwako mjini mpaka mavuno. Watu wa wanyamapori wananiambia kuwa fisi asiyeitwa hurejea kwa wenzake. Nawaamini, japo si kwa yote. Kabla hamjaondoka, mpelekeeni Mama Dorkasi mbuzi mmoja, wewe na baba pamoja, si kwa kukiri kosa bali kwa ujirani. Bwana Halfani naye awaonyeshe wanakijiji namna ya kujenga zizi la miiba ambamo fisi hapenyi. Ikitokea Mnyapara akamdhuru mtu, Bwana Halfani atafanya kazi yake, lakini baba akijua.

Je, baba atakubali? Sijui. Huenda nakuomba umnyime kitu pekee kilichomrudishia ulimi, na wazo hilo limenizuia kuimaliza barua hii tangu jana. Ila nimeona jambo katika maneno yako. Baba alipokuwa akiitikia kwa kichwa tu, fisi ndiye aliyebaki naye kila siku. Wewe ulikuja likizo.

Kwa hiyo ukifika, usianze na habari za Mnyapara. Iache shikamoo ya shuleni. Simama ukingoni mwa shamba lilelile la uwele, umwite yeye: Mbukwa, baba. Kisha ungoje, hata akikawia.