Mimi Watatu na Kiti cha Trạch

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua siku ya nne. Mji wote wa Huế unanuka ukungu. Wifi yangu, Dada Lựu, amekuja na keki za mchele na amri: Jumatatu ijayo twende studio nikapigwe picha ya madhabahu ya nyumbani, ile nitakayofukiziwa udi nikifa. Nina miaka sabini na tatu, anasema, nisiwaachie watoto kazi ya kutafuta sura yangu kwenye kitambulisho. Kweli. Mwenye akili hujiandalia yake mapema. Lakini studio! Marehemu mume wangu, Trạch, walimbandikia suti na tai pichani. Maisha yake yote alivaa shati la mikono mifupi. Miaka sita sasa namfukizia udi mtu nisiyemjua vizuri.

Nitajipiga mwenyewe.

Jumatano, 8 Novemba

Niandike vizuri, nisije nikasahau. Chumba kiwe giza, kamera juu ya stendi, jicho lake libaki wazi dakika nzima. Kamera haioni kama sisi, inakusanya. Kilichotulia na kumulikwa kinaandikwa. Kinachopita gizani hakiachi alama. Basi nitulie mahali, nijimulike uso kwa tochi, nizime, nihamie pengine – nitatokea zaidi ya mara moja, na ukuta utaonekana kupitia kifua changu. Miaka thelathini na moja nilifundisha fizikia; ndiyo kwanza mwanga unanifaa mwenyewe!

Leo picha kumi na tisa. Zote mizuka isiyo na pua.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepata! Mimi penye ubao wangu wa zamani, na chaki. Mimi penye jiko, kifuniko cha sufuria mkononi. Mimi mezani, nasoma. Watatu, wepesi kama mvuke, na wote ni mimi kuliko mimi wa kwenye kioo.

Nilimpelekea Dada Lựu hata kabla ya chai. Akaitazama, akailaza kifudifudi. Watu watatu katika picha moja, wa katikati hufa mapema – hapa nani asiyejua? Shuleni mimi mwenyewe nilizikwepa picha za watatu. Na bado sikuhesabu! Nikajitetea kwamba wote ni mtu mmoja.

"Basi wifi, wa katikati akifa, watabaki wawili wa kunisumbua," akasema. "Madhabahuni haipandi."

Yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Pale neno lake ndilo la mwisho.

Jumamosi, 11 Novemba

Awepo wa nne, basi. Kwenye kiti cha Trạch, karibu na dirisha. Goti halitaki. Dakika inaisha nikiwa bado njiani. Mara sita wa nne ametoka bila kichwa.

Kesho kutwa, studio.

Jumapili, 12 Novemba

Jaribio la saba. Nimemaliza kituo cha tatu, nahesabu kwa sauti, arobaini na moja – mlango ukafunguka. Dada Lựu, amelowa, amekuja kukagua nguo yangu ya kesho. Mwanga mweupe ukaingia naye. Nilitaka kuacha. Lakini aliposikia nahesabu, akaketi kwenye kiti cha kaka yake, akanyoosha mgongo, akakodoa macho. Watoto wa enzi zetu tulifundishwa hivyo studio: ukihesabiwa, hutikisiki. Nikaendelea. Sitini.

Tukaitazama pamoja. Mimi watatu, yeye wa nne, dirisha likionekana kupitia bega lake. Wanne! Katika maisha yangu sijapiga picha kama hii.

Dada Lựu aliisogeza karibu na macho. Kisha akauliza kama nywele zake zimekaa sawa. Akapiga simu studio, akafuta miadi.

Ndipo mimi, mwalimu, nikaliona kosa. Picha ya aliye hai haiwekwi madhabahuni. Nikitangulia kufa mimi, yeye yumo. Akitangulia yeye, mimi nimo mara tatu. Nikasema nitairudia kesho, bila yeye.

"Usiiguse," akasema. "Itamsubiri wa mwisho wetu."

Sasa yuko mbele ya madhabahu, anapima nafasi kwa shubiri. Picha ya kaka yake na suti yake amekwisha kuisogeza kushoto. Ananiita. Anasema bado haitoshi, nije tumsogeze tena.