Mikono ya Mzee Hebroni Imewaka Buluu

Davidi, acha kila kitu usome. Mzee Hebroni amewaka mikono! Mikono, Davidi!

Asifiwe, mkamwana wake yule mwalimu wa kemia, alikuwa kwenye stoo isiyo na dirisha, akijaribu dawa ya somo, ile inayowaka buluu gizani ikigusa damu, ndani ya beseni la maji ya sabuni. Anasema sabuni hukoleza mwanga wake.

Mzee katoka kuchinja jogoo, akaingia kunawa kwenye beseni hilo hilo. Asifiwe akajibanza nyuma ya magunia ya mpunga. Si unajua mila zetu, mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye.

Damu ikakutana na dawa. Buluu mpaka viwikoni!

"Yesu wangu! Nimechinja jogoo wa mchawi gani?"

Jogoo wa mchawi! Mimi niko mlangoni, mbavu sina.

Mzee akaanza kutubu kwa sauti. Asifiwe akaona huyu atazimia, na heshima yote aliyomtunzia tangu aolewe itavunjika akifungua mdomo. Sauti ikamtoka: "Baba, ni dawa ya shule tu! Nawa maji safi!"

Mzee akageukia ukutani.

"Mimi sijasikia mtu," akasema. "Ila huyo ambaye sijamsikia, aniwekee maji mlangoni. Ndaga, asante, mwanangu."