Kikombe Changu Kimegeuzwa Kichwa Chini

Shangazi Dorte mpendwa,

Nakuomba unikopeshe akili maana yangu imegota. Mimi ni mwanamke mwenye mume, ninafanya kazi katika uwanja wa ndege wa jimbo huku kwetu Alaska, na sisi wa hapa tunakuwa polisi na zimamoto kwa pamoja, bunduki kiunoni na koti la moto ukutani, mlevi akileta fujo tunamkamata sisi na ndege ikiwaka tunaizima sisi. Sasa ugomvi ni mshahara. Serikali ya jimbo inataka tulipwe kama polisi wa ile miji midogo, chama chetu cha wafanyakazi kinataka tulipwe kama zimamoto wa viwanja vikubwa, na kwa kuwa sheria haituruhusu kugoma, msuluhishi ndiye anayeamua tufananishwe na nani, basi wenzangu wakanichagua mimi nikatoe ushahidi eti nina mdomo.

Mdomo wenyewe ndio huo ulioniponza, Shangazi! Wakili wa serikali akaniuliza kwa upole, "Afisa, jana kazini mlifanya nini?" Nikasema tuliosha magari, tukapika mchuzi wa samaki samoni, tukasubiri. "Na juzi?" Nikasema tulimtoa jamaa mmoja aliyelala kwenye mkanda wa mizigo, tukasubiri. Yule bwana akatabasamu akakaa chini, hakuuliza tena. Uongo sikusema, ila niliposikia viti vya wenzangu vinalia nyuma yangu nikajua nimeharibu.

Tangu hapo Lyle Nageak hanisemeshi. Lyle ndiye mwenzangu wa zamu, ndani ya moshi ananishika mkanda mgongoni nami simwoni, najua tu yupo. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Dada, umetuuza kwa bei ya mchuzi." Kikombe changu nimekikuta rafuni kimegeuzwa kichwa chini, na kwetu kikombe hufanyiwa hivyo mwenyewe akishahama. Kapteni Burdette naye kaniambia, "Alhamisi unaitwa tena. Sema kila siku ni moto, kila siku ni damu, basi!"

Sitaki kudanganya, Shangazi, lakini kuna swali linaniwasha kuliko hata hilo la kikombe. Sisi hasa tunalipwa kwa nini? Mwaka ukiisha bila ndege kuwaka, nimekula mshahara wa bure? Nilimuuliza mume wangu, fundi bomba, akacheka, "Mimi bomba lisipopasuka silipwi, mke wangu." Tangu siku hiyo nikiwa kazini najitazama kama mtu baki, najiuliza huyu anafanya nini hapa. Nikienda Alhamisi niseme nini? Na nitaingiaje tena motoni na mtu asiyenisemesha?

Ni mimi, Wa Kikombe

*

Wa Kikombe,

Pole, mwanangu, ila nawe umejitakia. Kusema kweli si kosa, kosa ni kuikata kweli katikati ukampa wakili kipande anachokipenda. Nikuulize: mlipokuwa mnakula huo mchuzi, buti zako zilikuwa wapi? Zilikuwa kando ya gari, suruali ya moto imekunjwa juu yake, ili utumbukize miguu ukimbie. Na mchuzi wenyewe mara ngapi umeula ukiwa moto? Mbona hilo hukulisema? Umelizoea hata hulioni, ndiyo maana.

Huyo fundi wako mpende, lakini ushahidi asikuandikie. Bomba likipasuka, mwenye nyumba ana muda wa kumtafuta. Aliye ndani ya ndege inayowaka hana muda wa kumtafuta mtu.

Alhamisi usiongeze hata cheche moja. Kapteni Burdette mwambie njia ya mwongo ni fupi, na wakili ana kumbukumbu za simu zenu zote za dharura. Rudia maneno yako yale yale, "tunasubiri," kisha ueleze mnavyosubiri. Halafu mwombe msuluhishi, mbele ya pande zote mbili na si kwa kunong'ona, aje ale nanyi, na katikati ya chakula kengele ya mazoezi ilie. Abaki na kijiko chake mkononi atazame viti vilivyo wazi, ndipo aamue mfananishwe na nani.

Kuhusu Lyle, hasira ile ina woga ndani yake. Kabla ya Alhamisi kigeuze kikombe mwenyewe, usingoje kugeuziwa, kijaze kahawa umpelekee yeye. Umwambie utakayoyasema, ayasikie kwako kwanza. Akinuna, mwachie kahawa. Watu wanaoshikana mkanda hawanuniani zamu nzima.

Na swali lako lile nalijibu kwa yangu mwenyewe. Majira ya baridi yaliyopita ndege niliyopanda iliteleza kwenye barafu huko kwenu Alaska, injini ikashika moto. Niko chini ya kiti natafuta kiatu, mlango ukafunguliwa, sauti ya kike ikaniambia, "Mama, acha kiatu, twende!" Sikumwona uso, wala sijui jana yake alipika nini. Kama ni wewe, asante. Kama si wewe, nawe ungefanya vivyo hivyo. Mimi nilidhani amewahi kufika, kumbe alikuwa ananisubiri.

Shangazi Dorte