Kofia ya Mchoraji

Nives, nimejifungia chooni kwenye maonyesho ya Ottavio.

Kanichora! Mimi, mtalaka wake! Niko jikoni, nang'oa vinywele vya kidevuni, nimevaa lile gauni la kulalia ulilonipa wewe. Picha kubwa kama mlango! Ferrara nzima inaitazama huku inatafuna soseji ya mortadela!

Nikamfuata. "Ottavio, huna hata haya?"

Akacheka mbele za watu. "Ersilia mpenzi, mimi sipambi. Nachora ninachokiona."

Ninachokiona! Na watu wakampigia makofi, Nives. Makofi!

Nikageuka. Kumbe kwenye ukuta huohuo katundika picha yake mwenyewe, kajichora na nywele nyeusi tele, mpaka mabegani! Na wewe unajua kwa nini havui kofia hata mezani kwa mama yake.

Nikamwambia kwa sauti ya asali, "Fundi, hebu simama kando ya picha yako, watu wapige picha ya kumbukumbu."

Akasimama, kifua mbele. Simu zote juu.

Nikamvua kofia.

Zile taa alizozipanga mwenyewe zikamulika kile kipara. "Haya jamani," nikasema, "pigeni mnachokiona!"

Sasa anagonga mlango, ananibembeleza nimrudishie kofia yake.

Nimeikalia.