Mashavu ya Busaba

Shoga, Busaba kaachwa! Leo, mezani, mbele ya supu ya kamba!

Si mama mkwe alimwambia, "Mwanangu haoi mashavu ya sindano"? Basi kaenda kliniki kuchomwa kimeng'enya cha kuyeyusha ile jeli aliyojazwa mashavuni.

Daktari alimwonya: "Hiki hakibagui, dada. Kinaweza kula na ute uliozaliwa nao chini ya ngozi."

Akajibu, "Choma tu."

Kikala vyote. VYOTE, shoga! Mashavu yamebonyea kama embe lililokaliwa.

Leo kampigia mkwe magoti, kaunganisha viganja: "Mama, nimeyatoa."

Mama kamtazama huku anatafuna. "Kumbe yale ya sindano ndiyo yalikuwa uso."

Na Decha, mchumba mwenyewe? Kacheka mpaka supu ikampalia. Kisha akakinga mkono: "Pete."