Karata za Juu ya Dungu

Zaituni mjukuu wangu, asalaam aleikum. Huku Ruaruke tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, anakusalimu.

Umeniuliza, ukiwa wewe ndiye mgawa karata hapo bwenini kwenu, uchague mchezo upi. Swali hilo limenitia aibu.

Ujanani mimi na rafiki yangu Mbwana tulicheza juu ya dungu, jukwaa la miti shambani kwa wazazi wangu, tukilinda mpunga. Mshindi ndiye aliyegawa na kuchagua mchezo. Aliyefungwa alishuka kufukuza ndege. Mbwana alikuwa mzito wa kujumlisha, nami nilijua. Basi kila mara nilichagua albastini, mchezo wa kuhesabu pointi. Kutwa nzima yeye yuko matopeni akipiga debe, mimi juu nacheka. Kumbe shamba lake mwenyewe, nyuma ya matete, ndege walikuwa wanalimaliza.

Tulipoliona, hakunilaumu. Tuliporudi juu ya dungu, kwa aibu nikampa karata agawe yeye. Akazichanganya taratibu, akaniuliza, "Wewe unapenda mchezo gani, ndugu yangu?"

Nilishuka nikakimbilia shambani kwake na debe. Ndege walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ni mimi babu yako. Haya hata bibi yako sijamwambia.