Pancha ya Asen na Hapana Yangu

Momchilovtsi, Smolyan
14 Septemba 2019

Dada yangu mpendwa Rositsa,

Habari za Hamburg? Mgongo unaendeleaje, na shemeji amepona kikohozi? Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na bado anamgombeza mke wangu kwa ajili ya chumvi.

Mwanao Asen anaendelea vizuri. Mfupa wa bega umeanza kushika, na daktari amemruhusu alale hapa nyumbani.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu nimeshindwa. Ulisema Asen ni mwendawazimu wa mwendo, nami nikanyamaza. Hakuwa anakimbia, dada.

Mimi na Asen tulikuwa na pikipiki mbili, tukishuka kutoka mlima wa Rozhen, msumari ukaingia tairi lake la nyuma. Niliziba mwenyewe kando ya barabara: nikachomeka utepe wa mpira wenye gundi kwenye tundu, nikajaza upepo. Kuziba huko ni kwa kumfikisha mtu Chepelare hapo karibu kwa fundi, basi. Simu ikalia. Mhariri wangu alitaka kufuta aya yangu kuhusu mawaziri. Unanijua, nikaanza kufoka.

"Mjomba, hii itanifikisha Plovdiv?" Asen akauliza.

Sikuitoa simu sikioni. Nikatikisa kichwa juu na chini: hapana, kama tunavyokataa sote hapa. Yeye kakulia kwenu, ambako hiyo ni ndiyo. Akaondoka. Alikuwa ameshapita Chepelare utepe ulipochomoka kwenye kona, akaanguka.

Miaka yote nawaandama gazetini wakubwa wasiokiri makosa. Polisi alipouliza, Asen akasema, "Nilikimbia mno." Nilikuwa nimeshawafikia, nimesimama pale pale. Nikaangalia viatu vyangu.

Baadaye nikamuuliza kwa nini alisema vile.

"Mjomba, wewe ungejitetea makala nzima," akanijibu, anacheka huku bega linamuuma. "Kaa tu, niachie mimi."



Kwa hiyo usiiuze pikipiki yake kama ulivyoapa. Kesho naenda kwa yule polisi kueleza ilivyokuwa. Wewe mpigie Asen kwanza, umwombe radhi. Kisha nipigie mimi, uniambie maneno yote makali uliyomwambia yeye kuhusu mwendo, usipunguze neno. Nitasikiliza.

Wasalimie shemeji na mpwa wangu Vesela. Mungu akupe afya, na akupe moyo wa kunisamehe siku utakayoweza.

Mdogo wako akupendaye, mwenye aibu,
Lyuben